Mkuyu unaodondosha maji wakati hakuna mvua

Mwenyeji wa Igombe

Habari zenu ndugu. Uani kwangu Igombe, hatua chache kutoka ziwani, kuna mkuyu mkubwa ambao vijana hukaa chini yake wakishona nyavu. Kwa wiki mbili sasa mti huu unadondosha maji mchana kutwa, hata jua likiwa kali, na ardhi chini ya tawi moja imegeuka tope. Nilipopanda ngazi niliona kwenye vitawi vichanga mafungu ya povu jeupe, mithili ya mate yaliyotemwa. Jirani yangu, mama mtu mzima, anasema mti unalia na usiguswe, ilhali mwanangu anataka tuupulizie dawa ya nyanya iliyobaki. Naomba kujua ni wadudu gani hawa, na kama mti utakufa.

Bwana Shamba Mstaafu, Misungwi

Ndugu yangu, mti haulii, bali unanyonywa. Ondoa povu taratibu kwa kijiti na utawakuta tunutu wa wadudu wa povu, yaani wachanga wao wasio na mabawa, wamechomeka midomo yao iliyo kama sindano ndani ya tawi. Wanafyonza kwenye mishipa inayopandisha maji kutoka mizizini, na kwa kuwa maji hayo yana chakula kidogo mno, mdudu hulazimika kunywa kwa siku moja kiasi kinachozidi uzito wake zaidi ya mara mia moja, kisha karibu yote huyatoa nyuma. Sehemu huichanganya na hewa ikawa povu linalomkinga dhidi ya jua na maadui, na inayobaki ndiyo inayowadondokea washona nyavu wako. Mmisionari na msafiri David Livingstone aliyaona haya haya Angola katika karne ya 19, tena kwenye mti wa jamii ya mkuyu.

Wasichanganywe na vidukari na vidung'ata, ambao hunyonya mishipa inayosafirisha sukari kutoka majanini na kutoa kinyesi kitamu chenye kunata. Weka kipande cha kioo chini ya tawi usiku kucha, ukikaushe, halafu ukiguse: kikinata ni hao, kisiponata ni wadudu wa povu.

Dawa usipulize. Povu lenyewe huizuia, na dawa nyingi za nyanya, hasa zile za jamii ya pareto ya kiwandani, huua samaki kwa kiasi kidogo sana, nawe uko ufukweni.

Mkulima wa Sengerema

Kwa heshima, mzee, naona unalichukulia jambo hili kwa wepesi. Nilisoma kwamba kusini mwa Italia wadudu wa povu wamemaliza mizeituni.

Bwana Shamba Mstaafu, Misungwi

Kilichoua mizeituni ile ni bakteria, waliogunduliwa huko mwaka 2013, na mdudu wa povu ni mchukuzi wao tu. Hali ni kama ya nzi weupe kwenye mihogo yetu: kunyonya kwao kuna hasara yake, lakini tunachokiogopa zaidi ni magonjwa ya batobato na michirizi ya kahawia wanayoyasambaza. Mkuyu uliokomaa wenye majani mabichi hautakufa kwa povu.

Mwenyeji wa Igombe

Nimerudi na majibu. Ndani ya fungu moja la povu nilihesabu tunutu tisa waliobanana, laini, na nilipowafunua walirudi nyuma polepole kulitafuta povu lao. Kioo kilikauka kikabaki na vumbi tu, hakinati hata kidogo. Hata hivyo nimeingiwa na wasiwasi mwingine, kwa sababu kiti cha plastiki kilichokuwa chini ya mwembe kinanata, majani ya chini yamefunikwa na weusi kama masizi, na sisimizi wanapanda shinani kwa msururu.

Bwana Shamba Mstaafu, Misungwi

Basi uache mkuyu, ushughulikie mwembe. Masizi hayo ni ukungu unaoota juu ya kinyesi kitamu, na sisimizi wanawalinda wanyonyaji ili wakile. Funga kitambaa kuzunguka shina, ukipake grisi, na ukate matawi yanayogusa paa ili wasipate njia nyingine. Kisha geuza majani uangalie upande wa chini, utuambie kama unaona vitu vyeupe kama pamba au magamba madogo yaliyogandamana.