Kupunguza ukubwa wa faili la programu ya Rust

mita_za_maji
Ndugu zangu, naomba msaada. Nimeandika kwa Rust (lugha ya kuandikia programu) programu inayosoma mita za maji na kutuma vipimo kwenye seva, nayo inatakiwa kukaa ndani ya ruta ya Linux iliyobakiwa na MB 3 tu za hifadhi. Nikiijenga kwa Cargo, zana ya Rust ya kujengea programu (`cargo build --release`, toleo 1.74), faili linatoka na MB 9, ingawa msimbo wangu haufiki mistari elfu mbili. Uzito huu unatoka wapi, nami nianzie wapi?

fundi_kompaila
Anza kwa kupandisha toleo. Maktaba sanifu ya Rust huja ikiwa imekwisha kukompailiwa pamoja na taarifa za kutafutia hitilafu, na zamani taarifa hizo ziliingia katika faili lako hata ulipotumia `--release`, lakini tangu 1.77, iliyotoka Machi 2024, Cargo huziondoa yenyewe. Kisha andika hivi katika `Cargo.toml`:

```
[profile.release]
strip = true
opt-level = "z"
lto = true
codegen-units = 1
```

Mstari wa `strip` huondoa na majina ya funksheni. Wa `opt-level` huitaka kompaila ijali udogo kuliko kasi, lakini jaribu pia `"s"`, maana mara nyingine ndiyo inayotoa faili dogo zaidi. Miwili ya mwisho huiwezesha kompaila kuutazama msimbo wako na wa maktaba kwa pamoja, badala ya kuugawa msimbo wa kila kreti (kifurushi cha msimbo wa Rust) vipande hadi 16 kama ilivyo kawaida, na hivyo kutupa usiotumika. Ujenzi utachukua muda mrefu zaidi.

bandari_kuu
Naunga mkono, ila naongeza onyo, kwa sababu wengi watakushauri uweke `panic = "abort"` bila kukueleza athari yake. Ni kweli faili litapungua. Lakini kwa kawaida uzi mmoja (thread, kazi inayoenda sambamba na nyingine ndani ya programu) ukipatwa na paniki, yaani hitilafu ya kuusimamisha, hufa peke yake, ilhali kwa mpangilio huo programu nzima husimama papo hapo, `Drop` (msimbo wa kusafisha) haziitwi, wala `catch_unwind`, ya kudaka paniki, haisaidii. Ikiwa kila mita ina uzi wake, mita moja yenye data mbovu itazima usomaji wa zote. Usiuweke mpaka uwe na uhakika kwamba mfumo utaiwasha programu upya.

mita_za_maji
Nashukuru sana. Nyuzi zangu ziko hivyo hasa, kwa hiyo nimeuacha. Kwa mipangilio mingine faili limefika MB 3.4.

bandari_kuu
Basi sasa usikisie, pima. Zima `strip` kwa muda, uendeshe `cargo bloat --release --crates`, uone kreti ipi inakula nafasi. Tazama pia `cargo tree -d`, ambayo huonyesha kreti zilizoingia kwa matoleo mawili, na uweke `default-features = false` pale usipohitaji kila kitu. Kumbuka vilevile kwamba funksheni ya jeneriki (inayokubali aina mbalimbali za data) hunakiliwa upya kwa kila aina ya data unayoipa. Iliyo ndefu ihamishie mwili wake kwenye funksheni ya ndani isiyo jeneriki, nakala zibaki fupi.

mita_za_maji
Kreti ya regex (ya kutafuta ruwaza katika maandishi), pamoja na majedwali yake ya Unicode (herufi za lugha zote), ilikuwa miongoni mwa nzito kuliko zote, nami niliitumia kukata mstari mmoja wenye koma. Nimeiondoa na kuweka `split`. Faili sasa ni MB 2.3, na limeingia kwenye ruta.