Mafuta ya breki yanapungua, pedali inazama

Baba T: Wakuu habari zenu, gari ya familia ya siti saba, taa ya breki iliwaka nikajaza kikopo cha mafuta ya breki hadi juu lakini kimeshuka tena, na pedali ukiikanyaga inazama taratibu mpaka chini. Chini ya gari sioni hata tone. Nianzie wapi? watoto ndo wanapanda humu kila siku

Spana Moja: Mkuu kwanza iache hapo ilipo, usiiendeshe hata kwenda gereji, muite fundi aje. Toa tairi zote uangalie upande wa ndani, kama breki za nyuma ni za dramu (zile za ngoma ya chuma) basi inua kile kimpira cha silinda (kipampu kidogo cha ndani kinachosukuma breki), ukikuta mafuta hapo ndo penyewe. Badili silinda nzima, na shuu (vile vipande vinavyosugua dramu) zilizolowa badilisha kulia na kushoto, kuziosha na petroli ni kujidanganya maana zimeshanyonya.

Dada Gia: Na kama kote kavu cheki masta silinda (pampu kuu ya breki) pale inapokutana na busta (kile kinachoongezea mguu nguvu ukikanyaga). Ikivuja kwa nyuma mafuta yanaingia ndani ya busta, chini huoni kitu

Spana Moja: Kweli kabisa dada. Ukimaliza toa upepo kwenye breki mpaka mapovu yaishe. Mafuta ya breki ya DOT 3 na DOT 4 yanachanganyika ila DOT 5 ni silikoni, usiweke kabisa. Yakimwagikia rangi mwagia maji fasta, yanaibabua.

Baba T: Asanteni sana, nimetoa tairi, nyuma kushoto kumelowa kweli. Fundi anakuja na silinda kesho asubuhi