Corolla 110: silingi imeshuka, dashibodi imepasuka, siti zimeisha. Nianze na kipi?

Pongwe_110:
Habari wakuu. Gari ni Toyota Corolla AE110 ya 1998, usukani kulia, ina eabegi (mifuko ya hewa ya usalama) mbili. Ipo Tanga na inalala nje. Injini na miguu (springi na shokabso) iko vizuri, shida ni ndani tu. Kitambaa cha silingi kimeachia kuanzia kioo cha nyuma mpaka juu ya kichwa cha dereva. Dashibodi ina nyufa mbili karibu na kioo cha mbele. Siti ya dereva imebonyea ubavu wa mlangoni na kitambaa kimetoboka. Kapeti ya abiria wa mbele inanuka uvundo hata baada ya kuanikwa. Paneli za milango zimevimba kwa chini.

Nina bisibisi, spana za boksi, kompresa ndogo, na cherehani nzito ya kuazima. Kazi nataka kuifanya nyumbani, na siti nizivishe ngozi bandia nyeusi yenye uzi mwekundu. Kipi kianze, vifaa kiasi gani, na watu huharibu wapi?

FundiNdani:
Mkuu, anza na hiyo harufu, silingi isubiri. Ukishona siti mpya juu ya sakafu yenye maji, miezi michache utakuwa unavua kila kitu upya, na safari hiyo kutu itakuwa imeingia.

Kwenye 110 ya usukani kulia, evaporeta ya AC (sehemu inayopoza hewa) imekaa nyuma ya kile kisanduku cha mbele ya abiria, upande wa kushoto. Maji yanayojikusanya pale hutoka kwa kibomba cha mpira kinachotoboa ukuta wa injini na kumwaga chini ya gari. Kikiziba kwa vumbi na majani, maji yanarudi ndani na kulala chini ya kapeti ya abiria, yaani palepale panaponuka kwako. Jaribu hivi: simamisha gari, washa AC dakika 20, kisha chungulia chini. Likidondosha maji mbele kushoto, bomba liko wazi. Kukiwa kukavu na hewa inatoka baridi, limeziba. Pandisha gari kwenye stendi (usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake), ingiza waya laini wa plastiki, halafu puliza upepo kidogo kidogo. Ukifungulia kompresa yote unaweza kulichomoa bomba kwenye boksi la AC.

Kama unyevu huo una utelezi na harufu tamu, hiyo ni kuleni (maji ya kupoza injini) inayovuja kwenye hita, kazi nyingine kabisa. Na kama kapeti inalowa siku za mvua tu, tazama raba ya kioo cha mbele na nailoni ya ndani ya mlango.

Kabla ya kugusa siti au dashibodi: zima swichi, toa waya wa hasi wa betri, subiri angalau sekunde 90. Mfumo wa eabegi hubaki na chaji kwa muda. Plagi za njano ni za eabegi. Usizipime kwa mita wala taa ya kupimia.

Siti ya mbele ina bolti nne, boksi namba 14, zimefichwa na vifuniko vya plastiki. Ya nyuma, vuta ukingo wa mbele wa kikalio kwenda juu, utaachia. Kapeti ikitoka, igeuze. Chini yake kuna blanketi nene la kuzuia kelele, na hilo ndilo linaloshika maji. Ukianika kapeti juujuu, juu panakauka na blanketi linabaki bichi. Ndiyo maana harufu inarudi. Lioshe kwa sabuni ya maji, lisuuze, lianike limegeuzwa mpaka ukilikamua kwa mikono miwili husikii ubaridi wowote. Sakafu ipige brashi ya waya, paka dawa ya kutuliza kutu, praima, kisha rangi.

Siti na kapeti zikiwa nje, mfuatano ni huu: silingi, dashibodi, milango, kapeti irudi, siti mwisho. Silingi itangulie kwa sababu inamwaga unga mchafu kila mahali.

FundiNdani:
Sasa silingi, maana hapa ndipo watu wengi wanapoteza hela. Kitambaa chenyewe hakijafa. Kilichokufa ni sponji nyembamba iliyogandishwa nyuma yake: joto na unyevu wa pwani vimeigeuza unga. Kwa hiyo kuchoma sindano ya gundi au kupigilia pini hakusaidii, unagandisha kitambaa kwenye unga.

Toa vizuia jua, vishikio vya mkono, taa ya katikati, plastiki za nguzo, na ulegeze raba za milango. Ubao ni mwepesi na ukikunjika hauna dawa, hivyo mshikane wawili na mutoe kupitia mlango wa abiria wa mbele, siti ikiwa haipo. Bandua kitambaa, kisha sugua mabaki ya sponji kwa brashi ngumu ya nailoni, siyo ya waya, mpaka kiganja ukikipitisha kisitoke na unga. Kazi hii ndiyo inayochosha kuliko zote, na ndiyo inayoamua kama silingi itadumu. Vaa barakoa.

Nunua kitambaa cha silingi chenye sponji ya milimita 3, mita 2 kwa upana wa mita 1.5 kinatosha sedani na kubaki kidogo. Kitambaa cha kawaida kisicho na sponji kitachora kila kasoro ya ubao na gundi itapenya hadi usoni. Gundi iwe ya kuhimili joto. Gundi za dukani za karatasi na ufundi mwepesi huachia gari likianikwa juani mchana mmoja.

Laza kitambaa juu ya ubao, kunja nusu, pulizia gundi ubao na sponji pia, subiri mpaka ukigusa inanata bila kuacha uzi kwenye kidole, kisha laza ukitandaza kwa kiganja kutoka katikati kwenda pembeni. Kwenye mabonde usivute. Sukuma kitambaa kiingie bondeni kwanza, halafu endelea. Ukikivuta juu ya bonde, kitaachia palepale. Rudia nusu ya pili, acha usiku mzima, ndipo ukate matundu kwa wembe mpya na kukunja ukingo sentimita 3 nyuma ya ubao.

Sindano110_18:
Kwenye siti nitaongezea mimi. Siti tano za sedani zinataka mita 7 hivi za ngozi bandia yenye upana wa mita 1.4, ukitaka na milango ifanane ongeza 2. Chagua yenye mgongo wa kitambaa cha kufuma kinachovutika. Ile yenye mgongo wa karatasi hupasuka kwenye tundu za sindano.

Usipime siti kwa futi. Fumua koti (kava) la zamani la siti, andika kila kipande kwa chaki (juu, mbele, kushoto), na kabla hujakifumua weka alama ya kukutana kila sentimita 10 pande zote mbili za mshono. Piga pasi ya vuguvugu, chora, ongeza milimita 12 za mshono. Kitambaa cha zamani kimevutika pale mtu anapokalia, hivyo vipande vya katikati vipunguze milimita 5 hivi, la sivyo utapata mikunjo siku ya kwanza.

Uzi uwe wa polyesta au nailoni, wa kazi nzito. Wa pamba unaoza kwa jasho na jua. Sindano namba 110/18, hatua (urefu wa kila mshono mmoja) ya milimita 4. Hatua fupi kuliko hapo inageuza ngozi bandia kuwa stempu, inachanika kwenye mstari. Mishono ya kubeba mzigo ishone kwa uzi mweusi, kisha mwekundu upite juu, milimita 5 kutoka kwenye mshono. Fanya mazoezi kwenye mabaki kwanza. Nyekundu juu ya nyeusi haifichi hata nukta moja iliyopinda.

Ubavu uliobonyea: kata sponji iliyokufa kwa kisu kirefu mpaka ufike iliyo hai, gundisha kipande cha sponji nzito (ya godoro laini haifai, inalala ndani ya wiki chache), chonga, kisha funika eneo lote kwa sponji ya milimita 10 ili kiungo kisijichore juu. Zile nyaya nyembamba zilizopita ndani ya koti la zamani usizitupe. Ndizo zinazovuta mabonde ya siti yakae chini. Zifunge kwa pete mpya za chuma, na uvishe koti likiwa limepashwa moto juani.

Mikanda: sabuni ya kawaida na maji tu. Jiki inadhoofisha nyuzi zake, na hutaona kwa macho.

Pongwe_110:
Asanteni sana. AC haidondoshi kitu chini, kwa hiyo bomba ndilo. Dashibodi je? Kuna anayesema niifunike yote kwa ngozi bandia ileile, nyufa zipotee.

KirinyagaRd:
Kaka, usifunike. Upande wa abiria kuna mlango wa eabegi, na ule umetengenezwa upasuke kwa namna yake. Ukiugandishia ngozi juu, hujui tena utafunguka vipi wala kitakachoruka kuelekea usoni mwa abiria. Eneo hilo usilipake puti, usilivishe, na ufa ukiwa umepita pale, tafuta dashibodi nzima ya mtumba, Gerezani kule Dar es Salaam au Kirinyaga Road huku Nairobi.

Nyufa zako ziko karibu na kioo, hizo zinazibika. Toboa tundu la milimita 2 kila mwisho wa ufa ili usiendelee kukimbia. Kata kingo ziwe umbo la V, safisha kwa spiriti, jaza epoksi ya plastiki inayobaki na mnyumbuko. Puti ya bodi usiitumie: dashibodi hutanuka mchana na kusinyaa usiku, puti ni ngumu, ufa unarudi pembeni yake. Msasa 120, kisha 240, halafu praima ya plastiki na rangi ya vinili tabaka tatu nyepesi, dakika 10 kati yake. Chagua isiyong'aa, vinginevyo utaona dashibodi yako kwenye kioo cha mbele kila mchana.

Na kama imewahi kupakwa zile dawa za kung'arisha, zina silikoni. Rangi itafanya vijitundu. Ioshe kwa sabuni ya vyombo mara mbili, kisha spiriti, kabla ya msasa na tena baada ya msasa.

FundiNdani:
Naungana naye. Milango: hadibodi ikishavimba hairudi. Chora kwenye mpya ya milimita 3, toboa matundu ya klipu kwa kufuata ya zamani, ipake vanishi pande zote na kwenye ukingo. Lakini kilichoivimbisha ni nailoni iliyokuwa imebandikwa kwenye chuma cha mlango. Mafundi wakirekebisha kioo huichana na kuitupa. Maji ya kioo hushuka ndani ya mlango, na bila nailoni yanagonga paneli. Bandika nailoni nzito kwa gundi nyeusi ya butili, ukingo wa chini uuingize ndani ya mlango ili maji yarudi upande wa chuma, na uzibue matundu ya kutolea maji chini ya mlango.

Pongwe_110:
Siti zikirudi, bolti nikaze kiasi gani?

FundiNdani:
37 Nm, kwa spana ya kupima nguvu ya kukaza. Zianze zote nne kwa mkono kwanza, kaza za mbele, sukuma siti mbele, kaza za nyuma. Rudisha plagi zote za chini ya siti kabla ya kuunga betri, na ukiwasha swichi hakikisha taa ya eabegi inawaka sekunde chache kisha inazimika.