Bango la "chuo kijani" Mbeya: bayogesi imekufa, miche imekauka, dizeli haihesabiwi

Wakuu salaam. Mods naomba msiuunganishe uzi huu na ule wa picha za matukio.

Kuna chuo hapa Mbeya, jina nalihifadhi, kimebandika bango getini kwamba kinaelekea kutozalisha hewa ukaa. Bango zuri, rangi zote. Nyuma ya bwalo sasa: kuni mbichi za mlingoti (mkaratusi) zimepangwa hadi dirishani, wakati taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziliambiwa ziachane na kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024.

Kuni zimerudi kwa sababu mtambo wa bayogesi (gesi ya kupikia itokanayo na samadi) umekufa. Wanasema bahati mbaya. Bahati mbaya gani? Pigeni hesabu. Mtambo wa mita za ujazo 30, samadi ikikaa siku 40, unalishwa lita 750 kila siku: kilo 375 za samadi na maji kiasi hichohicho. Kilo moja ya samadi ikipata joto inatoa gesi kama lita 40. Jumla mita za ujazo 15. Mtu mmoja kupikiwa kutwa nzima anamaliza karibu robo mita ya ujazo, kwa hiyo hapo umelisha watu 60. Bwalo lina mamia! Na chuo chenyewe hakifugi hata ndama.

Hiyo ni hesabu ya mahali penye joto. Vijidudu vinavyotengeneza gesi vinapenda nyuzi 30 na ushee. Chini ya 15 vinasinzia. Kwa baridi ya Juni na Julai ya huku, shimo la mtambo huchimbiwa chini, hufunikwa vizuri, na tope la samadi na maji hukaa siku 70 au 80, maana yake shimo mara mbili kwa samadi ileile. Aliyechora alikuwa anaiwazia Dar.

Samadi ilipokosekana wakaanza kumwaga makombo ya ugali na maji ya sabuni ya kuoshea masufuria. Wanga ukizidi tope linachacha, pH (kipimo cha uchachu) inashuka chini ya 6.5, kinachotoka kwenye bomba ni hewa ukaa isiyowaka. Tiba yake inajulikana: acha kulisha wiki moja au mbili, rudisha samadi mbichi, tia chokaa kidogo kidogo huku ukipima kwa karatasi ya rangi. Wao wakaita fundi abadilishe majiko. Tena bomba limelazwa bila mteremko wala mtego wa maji pale chini kabisa, unyevu unajikusanya humo, moto unapepesuka na kuzimika. Koki moja ya kutolea maji ingetosha.

Sola ya jengo la utawala nayo inatazama kusini, eti ndiko paa lilikoelekea. Tuko kusini ya ikweta jamani, paneli hutazama kaskazini, mwinamo nyuzi 10 hadi 15.

Halafu miche. Kila Juni 5, Siku ya Mazingira Duniani, wageni wanapewa koleo na kofia. Mvua za Mbeya zinakata mwanzoni mwa Mei, zinarudi Novemba ikiisha. Mche wa Juni unaunguzwa na baridi kwanza, kisha unakabidhiwa kiangazi. Mingine imefukiwa na viriba vyake, mizizi inajizungusha humo mpaka inajinyonga. Panda Desemba, chana kiriba, basi. Na ile milingoti iliyoko kando ya kijito imo ndani ya mita 60 zinazolindwa na Sheria ya Mazingira ya 2004, anayeipenda aeleze.

Ripoti yao inataja miche iliyopandwa. Iliyo hai je? Kimya. Dizeli? Kimya zaidi. Lita moja ikiungua ni kilo 2.7 za hewa ukaa, pipa la lita 200 ni kilo 540, na umeme ukikatika jenereta inanguruma kutwa. Kitabu chake kipo, kinasainiwa kila inapojazwa mafuta. Kurasa za mwaka mzima zibandikwe getini, chini ya lile bango, pamoja na risiti za kuni.