Naomba ushauri: Namna ya kuandika maoni ya kumuunga mkono wakili aliyeteuliwa IPOA

Ndugu zangu, naombeni msaada, hasa mliowahi kupeleka maoni Bungeni.

Wakili aliyeisimamia familia yetu hapa Mombasa ameteuliwa kuingia kwenye bodi ya IPOA, mamlaka ya kusimamia utendakazi wa polisi. Tangazo la Bunge la Kitaifa linaalika maoni ya wananchi kabla ya kamati kumsaili. Nataka sana kumuunga mkono. Binamu yangu alipokamatwa, kituo cha polisi kilikana kwamba aliwahi kufikishwa pale. Mama huyu wakili alikaa na nakala ya OB, yaani kitabu cha matukio cha kituo, akapitia mstari kwa mstari, mpaka akaona pale saa ilipofutwa na kuandikwa upya. Hakutudai ada hata shilingi. Bodi ile inahitaji jicho kama hilo, maana wajumbe hukaa miaka 6.

Sasa, Sheria ya 2011 ya uidhinishaji wa uteuzi inataka anayempinga mteuliwa alete ushahidi wa maandishi chini ya kiapo. Je, anayemuunga mkono naye aape mbele ya kamishna wa viapo, au barua kwa Karani wa Bunge inatosha? Na je, nieleze wazi kwamba alituwakilisha? Mimi naona nieleze, ila shangazi anahofia wataniona nina upendeleo. Majirani kadhaa nao wako tayari kutia sahihi. Tuandike barua moja au kila mtu yake?

Mwenye nakala ya barua aliyowahi kupeleka, naomba anionyeshe mpangilio wake. Muda ni mfupi.