Mrejesho: kazi nne za kufuma na riwaya iliyokwama

Asalam aleikum ndugu zangu. Kabla ya Ramadhani niliwauliza nifanyeje: nimeanza kazi nne za kufuma, hakuna hata moja inayoisha, na riwaya ninayoipenda imekwama ukurasa wa 40. Ahsanteni sana, mlinijibu kwa moyo.

Nilimfuata yule bibi wa Shela aliyesema nizigawe kazi kwa kadiri zinavyotaka macho. Shali ya mshono mmoja tu, isiyo na ua, nikaifanya ndiyo ya kusomea. Jioni nakaa barazani, kitabu nakilaza juu ya mto, kurasa nazibana kwa vibanio vya nguo, na vidole vinakwenda vyenyewe. Shali imekwisha. Riwaya pia, alhamdulillahi, na nililia mwishoni!

Kila kazi ina mfuko wake, na karatasi ndani yake, yenye namba ya sindano na mstari niliofikia, imenifaa kuliko nilivyotarajia. Sihesabu tena kutoka mwanzo.

Kitambaa cha meza cha matundu ndicho kilichonishinda. Nilijaribu kukisomea, mishono miwili ikaponyoka bila kujua, nikafumua mistari 12. Hicho sasa nakifuma asubuhi, kitabu kikiwa kimefungwa. Sweta ya mpwa wangu nimeifumua yote, maana uzi wa sufu kwa joto la Lamu unagandana na jasho mikononi. Naianza upya kwa uzi wa pamba, kama alivyoshauri dada wa Malindi.

Soksi za mtoto bado mguu mmoja.