Ulinganisho: Cessna 210, Bonanza A36 au Cirrus SR22 kwa rubani wa 172 anayekaa Malindi?

Mvuvi_wa_Anga (Malindi)

Assalaam aleikum wenzangu. Nina saa 260 angani, karibu zote kwenye Cessna 172 ya kukodi. Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Malindi, nyumba ninayoijenga Shela, na watoto wawili wanasoma Nairobi. Basi safari zangu ni mbili tu, Manda (uwanja wa Lamu) na Wilson ya Nairobi. 172 imenichosha. Ukipanda kutoka Wilson saa saba mchana na abiria watatu, unaomba dua mpaka uvuke paa la mwisho.

Nimepata tatu za mitumba ambazo mfuko wangu unazifikia kwa kujikaza. Kuna 210 ya 1978, imelala hapa hapa pwani miaka mingi, injini ina saa 600 tangu ifunguliwe na kujengwa upya. Kuna Bonanza A36 ya 1982, imekaa bara muda wote. Na kuna SR22 ya 2004, iko ng'ambo. Moyo wangu uko kwa 210 kwa sababu iko karibu, nimeishika kwa mkono, na muuzaji ananingoja mpaka mwisho wa mwezi. Niambieni ninunue ipi, na nihame vipi kutoka 172.

Bi_Hesabu (Lamu)

Waaleikum salaam. Kabla ya moyo, kalamu. Malindi hadi Wilson ni kama maili 228 za baharini. Kwa 172 ya noti 110, yaani maili 110 za baharini kwa saa, ni saa mbili na dakika nne. Kwa ndege ya noti 170, na hizo zako zote tatu ziko hapo au karibu na hapo, ni saa moja na dakika ishirini. Umeokoa dakika 44, si haba.

Sasa Malindi hadi Manda ni maili 76. Kwa 172 dakika 41, kwa ndege ya noti 170 dakika 27. Hizo dakika 14 utazimaliza pale gatini Manda ukingoja boti ya kukuvusha ijae. Ulisema safari zako ni mbili, ila hujasema ni ngapi za wapi. Kwa mwezi unakwenda Wilson mara ngapi?

Mvuvi_wa_Anga

Bi, umenishika pabaya. Wilson mara moja, pengine mbili. Manda kila wiki.

Bi_Hesabu

Nilijua. Basi ongeza Cessna 206 kwenye orodha yako. Nguvu farasi 300, viti sita, magurudumu hayakunjwi, mlango mkubwa wa mizigo. Noti 130 hivi: Wilson saa moja na dakika 45, Manda dakika 35. Unapoteza dakika 25 mara mbili kwa mwezi, unapata ndege ambayo kila fundi wa nchi hii ameizoea, na mabati yako ya Shela yanaingia.

Noti180

206 ni matatu. Mtu ameomba ndege, mnamuuzia matatu.

Bi_Hesabu

Matatu inafika.

FundiGrisi (Nairobi)

Bosi, mimi nafungua hizi ndege kwa kazi, kwa hiyo nitaanza na ile uliyoipenda.

210 kuanzia zile za 1967 haina nguzo za kushikilia mbawa. Mbawa zote mbili zinashikwa na boriti moja nene ya alumini inayopita juu ya vichwa vya abiria, imefichwa nyuma ya kitambaa cha dari. Mwezi wa Mei 2019 huko Australia, karibu na Mount Isa, 210 iliyokuwa ikifanya kazi ya upimaji ilikatika bawa angani, rubani na mwenzake wakafa. Wachunguzi walikuta ufa ulioanzia kwenye kishimo kidogo cha kutu kwenye boriti hiyo. Mwaka 2020 mamlaka ya anga ya Marekani ikatoa amri: boriti hizo zikaguliwe kwa jicho na kwa kipimo cha umeme kinachotafuta nyufa.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Kiwandani walibandika sifongo juu ya boriti kupunguza kelele. Sifongo hunywa unyevu na kuukumbatia pale pale kwenye chuma. Ndege iliyolala Malindi miaka mingi, sifongo lake limekuwa likinywa upepo wa bahari. Usilipe hata shilingi kabla dari haijashushwa, sifongo halijabanduliwa na boriti haijaoshwa mpaka uione ikiwa uchi. Na fundi awe wako. Akitoka kwa muuzaji, atakusomea kitabu cha ndege badala ya kuisoma ndege.

Hizo saa 600 za injini nazo, uliza zimetembea kwa miaka mingapi. Injini inayowashwa mara moja kwa mwezi, hewa ya chumvi huitia kutu ndani ya silinda. Afadhali yenye saa 1,100 iliyoruka kila wiki. Kumbuka kiwanda kinataka injini hiyo, IO-520, ifunguliwe kwa saa 1,700 au miaka 12, lolote litakalotangulia, na siku hizi kuijenga upya ni zaidi ya dola elfu 50.

MzeeKusi (Malindi)

Mwanangu, mimi nimekuwa na A36 kwa miaka tisa, nikaiuza macho yaliponikataa. Ni ndege tamu. Usukani wake mwepesi mpaka utaona aibu kurudi kwenye 172. Imejengwa imara, magurudumu yake yanaweza murram. Ya kwako ya 1982 ina farasi 285.

Lakini nikwambie kisa, maana wewe unatoka kwenye Cessna kama nilivyotoka mimi. Kwenye Bonanza za kabla ya 1984, swichi ya magurudumu iko kulia na ya flapi, vile vibawa vya nyuma ya bawa vinavyoteremshwa wakati wa kutua, iko kushoto, kinyume cha ndege nyingine. Siku yangu ya nne peke yangu nimetua Manda vizuri kabisa, nimefurahi, nataka kukunja flapi. Mkono ukaenda wenyewe pale ulipozoea kwenda. Nilikuwa nimeshaishika, vidole vimeshaizunguka, ndipo nikahisi umbo lake. Kishikio cha magurudumu kimetengenezwa kama gurudumu dogo, cha flapi kama bawa. Nilishika duara. Nikaachia kama nimeshika kaa la moto. Kuna swichi nyingine kwenye miguu ya ndege inayozuia magurudumu yasikunjike ukiwa chini, ila ndege ikiwa bado ina kasi na mbawa zimebeba nusu ya uzito, hiyo huitegemei.

Tangu siku ile nilijiwekea sheria: flapi hazikunjwi mpaka nimetoka kwenye njia ya kutua, nimesimama, nimesoma orodha kwa sauti. Abiria wangu walidhani nasoma nyiradi.

Jambo la pili, matangi yamo ndani ya bawa, upande wa mbele. Kadiri unavyochoma mafuta, uzito unarudi nyuma. Ukiwaweka watu wazima wawili kwenye viti vya mwisho, piga hesabu ya kutua, usipige ya kupaa peke yake.

Noti180

Mzee, na zile Bonanza zenye mkia wa V? Ziko rahisi.

FundiGrisi

Kwa pwani? Sahau. Ngozi ya ule mkia ni magnesi. Magnesi na chumvi ni paka na panya, na vipande vyake kuvipata ni shida duniani kote. A36 ina mkia wa kawaida.

Rubani_Mweupe_wa_Watamu

Msiniulize jina hili, ni rangi ya ndege. Naruka SR22. Farasi 310, noti 170 na kitu, magurudumu hayakunjwi kwa hiyo kisa cha Mzee hakinipati. Mwili ni wa nyuzi za kioo, haupati kutu, ingawa injini, breki na vyuma vyote vilivyobaki vinapata kama vya wenzake.

Halafu ina mwavuli wa kuishusha ndege nzima. Watu wanaucheka mpaka siku wanapouhitaji. Uliokoa mtu mara ya kwanza Texas, Oktoba 2002, na tangu hapo umewashusha wengi. Ila ndege ya 2004 ilipaswa kubadilishiwa mwavuli 2014 na tena 2024, maana ni kila baada ya miaka 10. Omba karatasi za hiyo kazi. Roketi inayouvuta ni baruti, husafirishwa kama mzigo wa hatari, na malipo yake si ya mchezo. Kama haijafanyika, kata bei au achana nayo.

Ubaya wake nitausema mwenyewe. Gurudumu la mbele linajizungukia tu, unaongoza kwa kukanyaga breki moja moja. Mgeni hukanyaga tangu maegesho hadi mwisho wa njia, breki zinawaka moto. Na murram ya Tsavo haiipendi hata kidogo, yale mafuniko ya magurudumu yatakwisha kwa changarawe. Matangi yakijaa galoni 81, hesabu watu watatu na mabegi yao, basi. Mabati ya Shela yapande jahazi.

Ali_Kusini_Kaskazi (Lamu)

Yambo moya hamuyalisema. Mafuta. Hizi zote zinakunywa petroli ya ndege, na zikienda mbio ni lita 57 kwa saa, pengine zaidi. Petroli hiyo si kitu cha kukikuta kila uwanja kama Jet A-1, mafuta ya ndege za jeti. Ndugu yetu, kabla hujanunua, hakikisha nani atakuuzia, kwa mapipa au kwa bomba, na uwe na akiba ya kurudi. Mimi hujaza Wilson nikapanga kurudi bila kujaza tena.

MwalimuSakiti (Wilson)

Nimewafundisha watu wa aina hii wengi, niruhusuni nirefushe kidogo, kwa sababu mnazungumzia kununua na ndugu yetu ameuliza pia kuhama.

Ndege ya nguvu haimuui mtu kwa sababu ni ngumu kuiongoza. Inamkuta bado anafikiria maili ishirini nyuma yake. Chukua safari yako ya kuja Malindi. Uko futi 9,500, unataka kufika futi 1,000 kwenye sakiti, ule mzunguko wa kuingilia kutua. Ni futi 8,500 za kushuka. Ukishuka futi 500 kwa dakika ili masikio ya watoto yasiume, ni dakika 17. Kwa 172 hizo dakika 17 ni maili 31. Kwa noti 180, maana ukishuka kasi inaongezeka, ni maili 51. Yaani inakubidi uanze kushuka ukiwa bado juu ya vichaka vya Galana, bahari huioni. Mwanafunzi wangu wa kwanza wa 210 alianza pale alipozoea. Tulifika juu ya Malindi tukiwa futi 4,000, kasi imejaa, tukaenda kuzunguka juu ya maji kama mwewe huku wavuvi wakitutazama.

Halafu kupunguza kasi. Magurudumu ya 210 na ya A36 ni breki yako ya angani, yateremshe mapema. Kwenye SR22 huna, una mkono wa gesi na subira tu. Ukiingia fainali, mstari wa mwisho kabla ya kutua, na noti 90 mahali pa 80, itaelea na kuelea, na njia ya Malindi ni mita 1,400 hivi. Manda ni ndefu zaidi, inasamehe, na ndiyo inayowadekeza watu.

Na Wilson. Iko futi 5,536 juu ya bahari. Siku ya nyuzi 26 injini inahisi iko juu ya futi 8,000, na injini isiyo na tabo ya kuisukumia hewa imeshapoteza karibu robo ya nguvu zake. Farasi wako 300 wamebaki 230. Punguza mafuta kwenye mchanganyiko kabla hujaachia breki, usipae na mkono mwekundu wa mchanganyiko mbele kabisa kama ulivyozoea pwani.

Nini ufanye: saa 15 na mwalimu anayeijua ndege hiyo hasa, si anayejua ndege kwa jumla. Kampuni ya bima itakuwekea idadi yake, ichukulie kuwa ndiyo ya chini. Saa tano za mwisho ziwe safari zako za kweli, mizigo yako ya kweli, mchana wa jua kali. Na kusi ikivuma, toka ukatue mpaka uchoke.

Noti180

Sawa, nimenyamaza.

Mvuvi_wa_Anga

Wenzangu, samahani kwa kimya cha wiki tatu.

Nilimwomba muuzaji wa 210 tushushe dari. Akasema ndege ilikaguliwa. Nikasema najua, tushushe. Akasema kitambaa kitaharibika. Nikasema nitalipia kitambaa. Fundi aliyetoka Wilson aliingia na taa ya kichwani, akabandua sifongo kwa kijiti cha plastiki, likawa linatoka vipande vipande, la kijivu, na lina ubichi ambao niliusikia kwenye vidole vyangu. Chini yake kulikuwa na unga mweupe kama chumvi ya mezani. Aliupangusa, akaniita nipande ngazi. Vishimo vitatu, kimoja naweza kukisikia kwa ukucha. Hata hakuendelea na kile kipimo cha umeme. Alizima taa, akaniambia, "Bosi, chai."

Muuzaji amekasirika, haongei nami.

A36 nilikwenda kuiona pia. Ni nzuri kuliko nilivyotarajia na nilikaa ndani nusu saa nikishika ile swichi ya duara na ya bawa, macho nimefumba. Sijalipa. Mwalimu amenipangia saa kumi kwenye 206 ya kukodi kwanza, Malindi na Wilson, watoto wakiwa nyuma. Bi Hesabu usicheke.

Bi_Hesabu

Sijacheka. Ukija Manda na hiyo 206 niletee mifuko miwili ya saruji.